Mshumaa wa Mama na Mbao za Marathoni

14 Septemba

Nives wa mlango wa pili amenipa daftari hili. Amesema nikiwa na la kulalamika niliandike humu, maana masikio yake yamechoka. Haya, naandika.

La kwanza ni Mama. Mama yangu Ersilia ana miaka themanini na saba. Magoti yake yaligoma zamani, ila ulimi haujagoma hata siku moja. Mwaka jana mwezi wa Novemba mimi nilipasuliwa pafu. Walikata kipande, wakanishona, nikarudi nyumbani nikapona, au ndivyo wanavyosema. Leo nimekaa namenya viazi, naye ananiambia kama vile anataja bei ya chumvi, kwamba siku ile nikiwa juu ya meza ya upasuaji aliweka nadhiri. Fosca akipona, yeye atakwenda kanisa la Salute kwenye sikukuu, tarehe ishirini na moja Novemba, apeleke mshumaa. Tena kwa njia ya nchi kavu.

Nikamuuliza kwa nini asipande boti ya abiria, inayoshusha watu mbele ya kanisa lenyewe. Akasema anayekwenda kushukuru kwa boti ni mtalii.

Sasa kati ya nyumba yetu hapa San Basilio, Venisi, na Salute kuna madaraja, na kila daraja lina ngazi za kupanda na ngazi za kushuka. Mama yuko kwenye kiti cha magurudumu. Kwa hiyo aliyeumwa ni mimi, aliyeweka nadhiri ni yeye, na atakayesukuma ni mimi tena. Anayeona haki hapo anionyeshe.

15 Septemba

Mvua. Mama ameuliza kama mishumaa imepanda bei.

17 Septemba

Leo ilikuwa Burano, mashindano ya mwisho ya makasia kwa mwaka huu. Mdogo wangu Alvise ameshika nafasi ya tano. Bendera wanapewa wanne wa kwanza. Mwaka juzi alikuwa wa tano, mwaka jana wa tano, na nyumbani kwake ukutani kuna msumari aliougongelea bendera tangu anaoa.

Alikuja kula kwetu jioni na maelezo yake kamili. Kura ilimpa mashua ya rangi ya kahawia, na kila mtu anajua ile ya kahawia inavuta kushoto. Upepo ulikuwa wa kwao wengine. Mwenzake wa mbele alikula sana mchana. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia habari ya nadhiri. Alvise akainuka na kitambaa cha mezani shingoni, akasema atampeleka yeye mwenyewe kwa makasia, bila injini, kwa heshima zote, kama alivyokuwa akipelekwa mtawala wa zamani.

"Wa tano ndiye anipeleke mimi?" Mama akasema. "Nimesema nchi kavu."

25 Septemba

Kazini. Watu wanaoniuliza nafanya kazi gani huwa najibu kwamba ninalinda, wanafikiri benki. Mimi ninakaa kwenye chumba kimoja cha maonyesho makubwa ya sanaa nikilinda rundo la viti vilivyovunjika. Msanii ametoka mbali, amevivunja yeye mwenyewe, na ni marufuku kuvigusa. Kiti changu kizima kiko pembeni.

Leo bwana mmoja alinipiga picha nikiwa nimekaa. Kisha akamwita mkewe, naye akasogea karibu na uso wangu akatafuta karatasi yenye maelezo. Nilipokohoa waliruka.

Kikohozi ni cha vumbi la mle ndani. Naandika hivyo kwa sababu ni cha vumbi.

3 Oktoba

Mbao bado. Mama amenituma asubuhi kuchungulia na mchana akanituma tena.

Nieleze kuhusu hizi mbao, maana ndizo zinazotutawala. Kila mwaka mwezi huu marathoni inaingia mjini kupitia ukingo wetu wa Zattere. Ili wale wakimbiaji waliokwisha kuchoka wasivunje shingo kwenye ngazi, madaraja yote ya ukingoni hutandikwa mbao za mteremko, kupanda na kushuka. Marathoni ni siku moja, lakini mbao hubaki mpaka majira ya kuchipua. Hiyo ndiyo miezi ambayo Mama hutoka. Miezi mingine yote dunia yake inaanzia daraja la huku inaishia daraja la kule, na katikati kuna duka la mikate na benchi.

Kwa hiyo Mama, ambaye hajawahi kukimbia hata kuwahi boti, anaifuatilia marathoni kuliko mtu yeyote Venisi.

9 Oktoba

Wameanza. Mama alisikia nyundo kabla sijasikia mimi. Alikuwa ameshavaa koti nilipotoka bafuni.

Tulikwenda mpaka daraja la kwanza. Mafundi hawajamaliza, na yeye akawa anawasimamia kutoka kwenye kiti. Ubao ule umepinda. Msumari huo utainuka. Kijana, hapo kuna pengo, gurudumu langu litaingia. Fundi mkubwa akanitazama kwa huruma, nami nikatazama maji.

Walipomaliza upande wetu nikamsukuma kupanda. Juu kabisa ilinibidi nisimame. Si kwamba nilichoka, ila pumzi iliyobaki ni ya pafu moja na nusu na Mama si mwepesi. Nilijifanya ninatazama meli. Mama hakugeuka. Akauliza tu, kipimo cha mwaka ni lini?

Nikamwambia hospitali bado hawajapanga.

Wamepanga. Ni Ijumaa tarehe ishirini na nne Novemba, siku tatu baada ya sikukuu yake. Sitaki ajue, maana akijua atakaa dirishani ananikazia macho kila nikipumua.

16 Oktoba

Mama amekwenda mpaka daraja la pili, amekunywa chokoleti ya moto kibandani, amegombana na mwenye kibanda kwamba imejaa maji. Amerudi amefurahi. Mimi mgongo unaniuma.

22 Oktoba

Siku ya marathoni. Wamefunga vizuizi tangu alfajiri, kwa hiyo mkate hakuna, gazeti hakuna, na ofisa mmoja mwenye fulana ya manjano ananiuliza mimi, niliyezaliwa kwenye mlango huu, kwamba ninaelekea wapi.

Mama aliomba kiti kiwekwe chini ya daraja, karibu kabisa na mbao. Nilifikiri anataka kuwashangilia. Alikuwa anazilinda.

"Taratibu, taratibu. Usiburuze miguu, baba. Hizo ni mbao zangu, mwezi ujao nina safari."

Wengine wakadhani anawatia moyo, wakampungia mkono. Mmoja alisimama akambusu paji la uso, akiwa ameloa jasho. Mama akajifuta kwa leso, akasema amenuka lakini amelelewa vizuri. Mwingine alitapika mlangoni kwa Nives. Nives akatoka na ndoo, akasema mwakani anahamia bara.

Nives anahamia bara tangu tukiwa wasichana.

23 Oktoba

Maganda ya ndizi kila mahali. Nimefagia.

3 Novemba

Limebandikwa tangazo kwenye daraja. Mwaka huu mbao zimeoza mapema, kwa hiyo zitaondolewa kuanzia tarehe kumi na tatu, daraja kwa daraja. Hawakusema waanzie daraja lipi.

Ningepaswa kufurahi. Nimesukuma kiti tangu Oktoba mabega yamekuwa ya mchukuzi. Tangazo hili lilikuwa ruhusa yangu ya kusema, basi Mama, haiwezekani, nimejaribu. Badala yake nikajikuta nimesimama pale daraja limejaa watu, nasoma mara ya pili na ya tatu, hasira zimenipanda mpaka masikioni. Nikapiga simu ofisini kwao. Huyu akanipeleka kwa yule, yule akanipeleka kwa aliyekwenda kula. Mwishowe mwanamke mmoja mwenye mafua akaniambia upande wa Zattere labda ungoje mpaka sikukuu ipite. Labda. Nikamwomba alifute hilo labda. Akapiga chafya akakata simu.

Mama nimemwambia mambo ni sawa.

11 Novemba

Sikukuu ya San Martino. Watoto wamepita wakigonga masufuria kwa miiko chini ya dirisha, wakadai peremende, wakarudi tena na kofia tofauti wakidhani hatutawajua. Mama aliwapa mara zote mbili. Kichwa kinaniuma.

13 Novemba

King'ora cha maji kililia kabla hatujanywa kahawa. Nyumba yetu iko chini, kwa sababu ya magoti ya Mama, kwa hiyo bahari ikipanda sisi ndio wa kwanza kutembelewa. Maji yaliingia jikoni mpaka kifundo cha mguu. Nikawa naokota viatu, vitunguu, waya, huku Mama amekaa kwenye kiti chake ameweka miguu juu ya stuli na paka juu ya miguu, ananielekeza.

Nilikuwa nimeshika dekio, nimelowa, pumzi inapiga filimbi kifuani, na ndipo uvumilivu uliponiishia. Nikamwambia ukweli ambao mji mzima unaujua. Kwamba pale Salute, siku ya sikukuu, kwa wingi wa watu, mshumaa hauachwi uwake. Unampa yule mtu aliyesimama nyuma ya meza, anauwasha, anauchomeka, ukigeuka anauzima na kuutupa kwenye sanduku pamoja na mingine ili wa nyuma yako apate nafasi. Yaani tutasukumana njia nzima, katika baridi, kwa ajili ya moto wa dakika moja.

"Najua," Mama akasema.

"Sasa?"

"Sasa nini? Niliahidi kupeleka. Kuwaka si kazi yangu."

Nilideki mpaka mchana bila kusema naye. Sijui kwa nini niliumia hivyo. Mimi siamini hata kidogo mambo ya mishumaa, sijaingia kanisani tangu harusi ya Alvise, lakini lile sanduku la mishumaa iliyozimwa nimeliwaza siku nzima, na kila nikiliwaza naona jina langu mle ndani.

Naogopa ile Ijumaa. Haya, nimeandika.

16 Novemba

Unyevu. Ukutani ukungu. Nives ameanza kupika mchuzi wa kondoo aliyekaushwa na kabichi kwa ajili ya sikukuu, unapikwa siku nyingi, na nguo zangu zote zinanuka kondoo.

19 Novemba

Nimemwomba Alvise afanye jambo moja tu maishani mwake. Mimi niko kazini mpaka jioni na viti vyangu vilivyovunjika. Nikamwambia apite njia yote, daraja kwa daraja, aangalie kama mbao bado zipo, halafu aniambie.

Amerudi kifua mbele. Amekwenda kwa mashua yake, amepiga makasia kuanzia San Basilio mpaka mwisho, ameona kila daraja kwa macho yake. Mbao zipo. Mbele ya daraja la mwisho ilikuwa imefungwa boti ya mizigo, kubwa, imejaa mbao, na mafundi wanakula mkate. Amewasalimu kwa sababu mmoja wao aliwahi kupiga naye makasia. Kwa hakika wanafanya matengenezo, amesema.

Angalau hao mafundi wanajali. Nimelala mapema.

21 Novemba

Naandika na vidole vina nta, bado haijatoka yote.

Tulitoka saa mbili asubuhi. Ukungu mzito na baridi inayoingia kwenye meno. Mama amevaa koti la msiba wa Baba, kofia ya manyoya, na mshumaa umelala mapajani umefungwa kwa gazeti. Alvise alisukuma mwanzo, kisha mimi, kisha yeye, maana hataki kuniona nahema na mimi sitaki anione nikihema. Watu walikuwa wengi, wote wanakwenda upande mmoja, wazee, wenye watoto mabegani, wenye mbwa. Daraja la kwanza tukapita. La pili. Kwenye lile refu Mama akawaambia waliokuwa mbele wasogee, ana miadi.

Daraja la mwisho tukalipanda vizuri, mbao zikilia chini ya magurudumu. Tulipofika juu Alvise akasimama ghafla mpaka nikamgonga mgongoni. Nikauliza kuna nini. Nikachungulia.

Upande wa kushuka hakukuwa na mbao. Ngazi tupu za mawe, zimelowa.

Ndipo nikaelewa ile boti ilikuwa imejaa mbao za wapi. Ilifungwa mbele ya upande huu huu, imeuziba wote, na mbao za upande huu zikiwa ndani yake. Yeye ameona mbao, akaona na mafundi, akawasalimu.

"Alvise," nikasema, "njia ya kutembea umekwenda kuikagua kwa makasia."

"Kutoka majini ilionekana sawa, dada."

Sitaandika nilichomwambia. Mtawa mmoja aliyekuwa nyuma yetu alikisikia. Kurudi hatukuweza, maana nyuma daraja lilikuwa limejaa watu mpaka chini na wote wanasukuma kuja mbele. Wengine wakaanza kupiga kelele kwamba kuna nini, kuna kiti, nani kaleta kiti hapa. Wanaume wawili wakajitolea kukiinua pamoja na Mama, Mama akawaambia watakaomwinua siku yake ikifika watavaa nyeusi, kwa leo waache.

Akampa mtawa mshumaa ashike. Akaweka mikono kwenye vishikio vya kiti.

Hapo nikamwona Alvise ambaye sikuwa nimemwona zamani. Hakubishana. Alishuka ngazi moja chini yake, akageuka akamtazama, akaweka mguu wake kando kuzuia, akamnyooshea mkono, si kiganja, bali mkono kuanzia kiwiko, ukiwa mgumu kama reli. Hivi ndivyo wapiga makasia wanavyomshusha mtu kwenye mashua inayoyumba, usiushike, egemea tu.

"Geuka kinyumenyume, Mama. Unashuka mashuani. Usitazame chini, mtazame Fosca."

Akanitazama mimi. Akateremsha mguu mmoja, akauleta wa pili. Akapumua. Tena. Watu wa upande wa chini wakarudi nyuma wenyewe. Mimi niliushika mkono wake mwingine nikishuka ngazi moja juu yake, uso kwa uso, nikiona macho yake yananikemea nisidiriki kulia. Tulipofika chini Alvise alikuwa ameloa jasho kuliko Burano. Wale wanaume wawili wakaleta kiti, mtawa akaleta mshumaa.

Mbele ya kanisa kuna ngazi nyingine, pana, kibao. Nikamwangalia Alvise, Alvise akakunja mikono ya koti. Mama akatikisa kichwa. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu.

"Mimi niliahidi kufika," akasema. "Nimefika. Hapo juu panda wewe."

"Mama, mimi siendi mle."

"Kipimo chako ni Ijumaa. Panda."

Sijui nani alimwambia. Nives, nani mwingine. Nilichukua mshumaa nikapanda, nikisimama mara mbili kupumua, na safari hii sikujifanya natazama chochote.

Ndani moto na moshi na watu. Nilisimama foleni. Nyuma ya meza alikuwepo mzee mmoja wa kujitolea mwenye glavu, anapokea, anawasha, anachomeka, anang'oa, anazima, mikono haisimami. Akapokea wangu. Akauwasha. Ukashika vizuri, moto mrefu ulionyooka. Mkono wake mwingine ukawa tayari unakuja na kizimio.

"Usiuzime," nikasema.

Akanitazama kama watu wanavyonitazama kule kazini ninapokohoa. Akaniambia bibi yangu, nje kuna maelfu. Nikamwambia wangoje. Mama mmoja nyuma yangu akaniambia kwa ukali kwamba sote tuna wagonjwa wetu, kwani wewe wako ni nani hata apewe zaidi.

"Ni mimi," nikasema.

Sijawahi kulisema hilo kwa sauti mbele za watu, hata kwa Nives. Mzee akautazama mshumaa, akaitazama foleni, akauchomoa ukiwa unawaka akanipa mkononi. Akasema hapa mezani hawezi, ila kule kwenye nguzo nikisimama nao mwenyewe hakuna atakayeniambia kitu.

Nikasimama kwenye nguzo. Nilikaa pale nimeukinga kwa mkoba, watu wakinipita na kunikanyaga, mshumaa mwembamba wa bei rahisi ambao Mama alichagua kwa sababu ule mnene ni wa kujionyesha. Nta ilinichoma, nikahamisha mkono. Sikuomba. Sijui kuomba. Niliulinda tu, kazi ninayoijua, mpaka ukaniishia vidoleni.

Nilipotoka Mama alikuwa amefunikwa koti la Alvise na amekasirika kweli. Kwani mshumaa mmoja unapelekwa muda wote huo, yeye ameganda, Alvise ameganda, mtawa ameaga. Kisha akaona mikono yangu. Akanivuta karibu kwa mkono wa koti na kuanza kuikwangua nta kwa ukucha, taratibu, akinung'unika kwamba koti hili limetoka kufuliwa juzi na mimi sijali vitu. Nikamwacha akwangue.

Kurudi tulirudi kwa boti. Nikamkumbusha habari ya watalii. Akasema nadhiri ilikuwa ya kwenda.

22 Novemba

Wameondoa mbao zilizobaki. Mama yuko dirishani, anawaambia wanazirusha ovyo.

24 Novemba

Wamenipiga picha ya mapafu. Majibu wiki ijayo. Mama alikuja hospitalini kwa boti, hakuninyima nafasi ya kumsukuma.

Nimeweka nadhiri. Ni ipi, haimhusu mtu, hata wewe daftari. Ila nimemwambia Alvise, mwakani njia ataikagua kwa miguu.